Kawia Ufike: Sifa za Kifurushi Kilichokwama Forodhani

Bibi harusi husifiwa akiingia ukumbini. Mgeni husifiwa akibisha hodi. Hata mpira ukitinga wavuni hushangiliwa kabla mwamuzi hajasema kitu. Sifa zote za dunia hii wamepewa waliofika. Sijapata kusikia mtu akikipigia vigelegele kifurushi kilichotoka Muscat, Guangzhou au Birmingham, kikavuka bahari, kikatua nchini salama salimini, halafu kikakaa. Kimefika na hakijafika. Kiko kivulini, kina paa, kina mlinzi mlangoni, na mwenye mali yuko nje juani na kikaratasi mkononi. Leo nimeamua kukilipa deni la sifa, kwa kuwa madeni yake mengine yote nimeshayalipa.

Nianze na nasaba yake. Kati yetu wapo waliosubiri kitambulisho mpaka wakaisahau sura waliyopigiwa picha. Kifurushi hakina shida hiyo. Kinazaliwa na jina lake la herufi na tarakimu 13, na jina hilo linatambulika katika nchi zote 192 wanachama wa Umoja wa Posta Duniani. Umoja huo uliundwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, miaka kumi kabla ya wakubwa wa Ulaya kukutana Berlin kutugawana. Yaani walikubaliana kwanza barua itapitaje, ndipo wakakubaliana nani atatawala huko inakokwenda. Sisi Waafrika nasi tunao umoja wetu wa posta, na makao yake makuu yako Arusha. Kwa hiyo kifurushi kilichokwama kisidharauliwe. Ni mtu wa mikataba.

Tena ni mwalimu wa hisabati. Chukua mfano wa namba CP102030405OM. Herufi ya C mwanzoni ni ukoo wa vifurushi. Barua za rejista ni ukoo wa R, na mizigo ya haraka, EMS, ni ukoo wa E. OM ya mwisho ni Oman kilikotoka. Tarakimu nane za kwanza ndizo jina lenyewe, na ile ya tisa ni shahidi wa zile nane. Zidisha 1 kwa 8, 0 kwa 6, 2 kwa 4, 0 kwa 2, 3 kwa 3, 0 kwa 5, 4 kwa 9, na 0 kwa 7. Jumlisha, utapata 61. Gawanya kwa 11, itabaki 6. Toa hiyo 6 kwenye 11, unapata 5, na 5 ndiyo iliyokaa pale mwisho. Ikitoka nyingine, ama umenakili vibaya, ama aliyekuuzia viatu mtandaoni ni tapeli. Niambieni, ni kitu gani kingine kingemfanya mtu mzima, aliyeagana na hisabati kidato cha nne kwa furaha ya pande zote mbili, akeshe saa sita za usiku akitafuta baki?

Ukishaamini namba, unaingia kwenye hadithi. Ukurasa wa kufuatilia mzigo hausimulii kwa mbwembwe. Kimepokelewa. Kimeondoka ofisi ya kubadilishana ya kule. Kimefika ofisi ya kubadilishana ya huku. Kimewasilishwa forodhani. Kimeshikwa na forodha. Hapo msimuliaji anaweka kalamu chini na kwenda kula, na wewe unabaki na mhusika mkuu aliyekamatwa kwa kosa lisilotajwa. Unaufungua ukurasa asubuhi, unaufungua kwenye daladala, unaufungua msalani. Hakuna jipya. Lakini riwaya ngapi umezirudia mara nyingi hivyo?

Sifa yake kubwa, na hapa naomba nikae kidogo, ni kuunga undugu. Shangazi yangu anaishi Muscat, na ndiye chanzo cha elimu yangu yote hii. Kifurushi chake kingefika upesi ningemwandikia "asante sana shangazi", ningetia na ua, na tungeonana tena sikukuu. Kwa kuwa kilishikwa, alinipigia simu kila alipomaliza kuswali.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeshapata?"

"Bado, wanasema kimeshikwa."

"Kimeshikwa na nani? Mimi nimetia halua na kanzu za watoto, nani anashika kanzu za watoto?"

Halua hiyo tuliijadili mpaka ikawa mwanafamilia. Je, itaharibika? Haiharibiki, ina sukari na samli. Je, panya? Tukaacha kuzungumzia panya. Kutoka hapo tukaenda kwenye kilichompata binamu yangu wa Tanga, kiwanja cha babu, nani kaolewa, nani kaachika na kwa nini hakuambiwa mapema. Mambo ya ukoo ambayo yangehitaji matanga ili yazungumzwe, sisi tuliyamaliza kwa ajili ya boksi moja. Wataalamu wa migogoro ya mirathi wangefanya vyema kutuma vifurushi.

Halafu kuna benchi. Katika kila ofisi ya kuchukulia vifurushi kuna benchi moja refu la mbao, limeng'arishwa na suruali za wananchi, na juu yake ndipo jamii inapokutana bila kualikwa. Nimemkuta hapo fundi simu wa Kariakoo akisubiri vioo vya simu. Mwanafunzi akisubiri kitabu ambacho mtihani wake umeshapita. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, mwanawe kamtumia betri za kifaa cha kusikilizia, na kwa kuwa hazijatoka ilibidi sote tupaze sauti kumweleza kwamba mtandao unasumbua. Maana dirishani jibu ni moja kati ya matatu: mtandao unasumbua, mhusika katoka kidogo, au njoo kesho. Siyasemi kwa ubaya. Yana unyenyekevu wake. Hakuna hata moja linalodai kujua kitu.

Na uchumi je? Umwone kijana wa stesheneri ng'ambo ya barabara. Anatoa kopi ya kitambulisho, kopi ya risiti, kopi ya ile namba, kisha kopi ya kopi kwa sababu ya kwanza imefifia. Pembeni yake yuko wakala wa pesa za simu, pembeni ya wakala mama ntilie, na mbele ya mama ntilie bodaboda wamejipanga. Karibu nao anapita wakala wa forodha mwenye mkoba wa ngozi, anayekuuliza kwa upole, "Mzigo umekwama, kaka?" kwa sauti ya daktari aliyeshaona vidonda vibaya zaidi ya chako. Vifurushi vyote vingetoka siku vinapofika, watu hawa wangekula nini?

Siku ya kufunguliwa nayo ni ya kukumbukwa. Afisa analiweka boksi mezani, anachukua kisu kidogo, anachana utepe wa gundi ambao shangazi aliuzungusha boksi zima kama anafunga jeraha. Harufu inatoka kwanza. Kisha kanzu, kisha makopo ya halua, kisha chupa ya manukato, kisha kimfuko chenye vipande vyeusi vya mti.

"Hivi nini?"

"Udi."

"Wa kuvuta?"

"Wa kufukiza."

Aliniangalia. Nikajua kwamba hapo ndipo maisha ya watu wengine yanapochukua njia nyingine. Ndipo mama mmoja wa kwenye benchi, ambaye hakuwa na habari nami hata kidogo, akainuka akavinusa, akamwambia afisa, "Mwanangu, huo udi. Kwani wewe hujaoa?" Ofisi nzima ikacheka, na afisa naye akacheka, akanusa mara ya pili, zaidi ya kazi ilivyohitaji. Hakuna wakili ambaye angenitetea kwa maneno machache namna hiyo.

Kisha likaja suala la bei. Juu ya kifurushi hubandikwa fomu ya tamko la forodha: CN 22 kwa vidogo, CN 23 kwa vikubwa. Ndani yake mna kisanduku cha kuwekea tiki kilichoandikwa zawadi, na Waswahili wengi huamini kwamba tiki hiyo ni dua. Si dua, wala si msamaha wa kodi. Inasema tu kitu hicho ni cha namna gani. Shangazi alikuwa ameweka tiki, na mbele ya manukato akaandika kibei cha huruma, cha kitu cha kununulia njiani. Afisa akaingia mtandaoni, akalitafuta jina la chupa ile, akanigeuzia kioo nione bei ya dukani. Nilinyamaza. Ni forodha iliyonijulisha kwamba shangazi yangu ananipenda kuliko alivyoandika kwenye CN 23.

Mapenzi hayo yakipimwa hutozwa hivi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina ushuru wa forodha wa pamoja kwa bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya, wenye viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na tangu mwaka 2022 kikaongezwa cha asilimia 35. Ziko na bidhaa nyeti zenye viwango vyake. Tuseme mzigo umekadiriwa shilingi 100,000 na umeangukia kwenye asilimia 25. Ushuru ni 25,000. Usidhani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa Tanzania ni asilimia 18, itahesabiwa kwenye ile laki. Inahesabiwa kwenye laki na 25,000 yake, kwa hiyo ni 22,500. Jumla 47,500 kabla ya tozo ndogondogo na ada ya kuhifadhiwa. Umelipa kodi juu ya kodi, na kama kuna njia fupi zaidi ya kumfundisha raia asiyesoma bajeti kwamba barabara hujengwa kwa fedha, sijaiona.

Ukiwa na bahati mbaya, yaani bahati nzuri kwa mujibu wa makala haya, boksi lako lina kitu kinachohitaji kibali, nalo litakutembeza serikalini kote. Dawa zina mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA. Vifaa vya mawasiliano ya redio vina mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Mbegu na miche vina mamlaka ya afya ya mimea. Wako watu wamezaliwa na kuzeekea mjini bila kujua kwamba mbegu ya bamia ina wakubwa wake. Mimi namjua mmoja aliyetumiwa pakiti ya mbegu na rafiki, na sasa anaweza kukueleza muundo wa taasisi za umma kuliko mbunge wake.

Na katika mzunguko wote huo hutampata mkosaji. Posta itakuambia mzigo uko forodhani. Forodha itakuambia nyaraka hazijatimia. Nyaraka anazo aliyetuma. Aliyetuma atakuambia ukurasa unaonyesha umeshafika. Kila mmoja anasema kweli. Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani wenyewe umeliweka sawa: mashirika ya posta hayawajibiki kwa matamko ya forodha yaliyojazwa wala kwa maamuzi ya forodha baada ya kukagua. Hasira yako inazunguka, inatafuta mtu wa kumkalia, inamkosa, inarudi nyumbani na wewe. Wenye hekima hufika daraja hiyo ya msamaha baada ya umri mrefu.

Wapo wanaokimbia elimu hii. Hao utawasikia wakiuliza kila mahali, "Hakuna mtu anayekuja?" Mtu anayekuja ni taasisi ya Waswahili, kongwe kuliko ndege, na simkashifu. Lakini tuseme ukweli. Mtu anayekuja hana namba ya ufuatiliaji. Mtu anayekuja huja na mzigo kilo zikimruhusu, huahirisha safari, hupitia kwa wakwe zake Zanzibar, na halua ikipungua hukwambia kopo lilimwagikia begi. Utamfungulia wapi jalada? Forodha ilichana boksi langu mbele yangu na makopo yote yalikuwepo.

Watu wa historia, nao, wangekuwa wapi bila vilivyokwama? Barua iliyofika husomwa, hukunjwa, hufungiwa karanga. Iliyokwama hukaa. Mwaka 1758 Waingereza waliiteka meli ya kivita ya Ufaransa, Galatée, iliyokuwa ikitoka Bordeaux kwenda Quebec. Barua za familia za mabaharia wake zilikuwa zimewafukuzia kutoka bandari hadi bandari bila kuwapata. Meli ilipotekwa zikapelekwa Uingereza, wakubwa wa jeshi la majini wakaona hazina siri yoyote, zikatiwa ghalani. Zilikuwa zaidi ya mia moja. Mwanahistoria Renaud Morieux wa Chuo Kikuu cha Cambridge alizikuta kwenye hifadhi ya nyaraka ya Kew, London, nyingi bado zimefungwa kwa lakiri, na mwaka 2023 akachapisha aliyoyasoma. Mmojawapo wa waliozituma ni mama wa miaka 61 aitwaye Marguerite, aliyemtumia mwanawe baharia barua ya manung'uniko: mchumba anaandikiwa, mama haandikiwi. Barua ile ingefika kwa wakati, kijana angeona aibu, angeichana. Ilikwama miaka 265, na leo dunia nzima inajua kwamba Nicolas Quesnel hakumjali mama yake.

Au waulize mabaharia wa meli zilizonaswa katika Mfereji wa Suez vita vilipozuka Juni 1967. Mfereji ulifungwa hadi 1975. Meli 14 za mataifa mbalimbali zilibaki katika ziwa lililo katikati ya mfereji, zikipigwa na mchanga wa jangwani hadi zikaitwa Meli za Njano. Mabaharia waliozilinda kwa zamu hawakukaa wakilia. Waliunda chama, mwaka 1968 wakaandaa michezo yao ya Olimpiki, na wakachora stempu zao wenyewe, ambazo wakusanyaji wa stempu wanazitafuta mpaka leo. Mizigo iliyofika kwa wakati mwaka ule wa 1967 imemwachia nani stempu?

Furaha yangu ya karibuni ni kwamba elimu hii haitakuwa tena ya kwetu peke yetu. Kwa miaka mingi jamaa zetu wa Ulaya na Marekani walitucheka; wao walibonyeza simu, boksi likaja mlangoni. Julai 1, 2021 Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi vya thamani isiyozidi yuro 22. Agosti 29, 2025 Marekani nayo ikafuta msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800, na siku zile mashirika ya posta ya nchi nyingi, za Ulaya zikiwemo, yakasimamisha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda huko kwa kutojua kodi itakusanywaje. Kaka yangu mmoja aliyeko ng'ambo alinipigia akiwa na hasira, kifurushi chake kimeshikwa, hakuna anayempa jibu, hajui aende wapi. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia atafute benchi.

Boksi la shangazi lilitoka. Udi tumefukiza. Halua haikuharibika, kama nilivyosema. Yeye ameshaanza kufunga boksi jingine, na safari hii nimempa masharti, nanyi mnaotumiwa vitu wapeni wenu masharti hayohayo. Aandike kila kilichomo kwa jina lake, asiandike "vitu". Aandike bei aliyolipa kweli, na atie nakala ya risiti. Aandike namba yako ya simu inayopatikana pamoja na S.L.P., hasa kama sanduku ni la shule au la kanisa. Stakabadhi aliyopewa posta asiitupe, kwa sababu kifurushi kikipotea kabisa, madai kwa kawaida hufunguliwa na aliyetuma, huko alikotumia, kwa fomu ya CN 08. Kwa vifurushi na barua za rejista posta inalazimika kupokea ulizo lako ndani ya miezi sita, kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma. Ikipita miezi hiyo, hailazimiki tena.